Joseph Ng'ang'a na Watu wa Mungu

Mgeni kutoka Mombasa, Lamu au Unguja atakayeshuka garini Nyeri, Karatina au Kerugoya siku ya Jumapili hatakosa kukutana na watu waliopiga vilemba vyeupe. Atawaona wanaume kwa wanawake, hata watoto wadogo, wamevaa kanzu ndefu, baadhi yao wameshika ngoma, wakienda zao ibadani. Wengi wetu tunapowaona mara ya kwanza hudhani ni Waislamu wenzetu, na salamu huwa tayari mdomoni. Wengine huwadhania Makalasinga. Lakini watu hawa si Waislamu wala si Makalasinga. Ni Wakristo, tena Waafrika wa huku huku chini ya Mlima Kenya, nao huitwa Akurinu. Zamani waliitwa Arathi, na wakati mwingine waliitwa kwa jina la lugha yetu wenyewe: Watu wa Mungu.

Wahenga wamesema usilolijua ni kama usiku wa giza. Kilemba kile kina historia yake, na historia hiyo iligharimu damu. Leo ukurasa wetu unasimulia maisha ya Joseph Ng'ang'a, mtu ambaye Akurinu wengi humtaja wakisimulia asili yao. Hakuwa askofu wala chifu. Alikuwa Mkikuyu wa kawaida wa upande wa Kiambu ambaye, katika zama za ukoloni, alijiuliza swali zito: ni nani mwenye ruhusa ya kusimama baina ya mja na Mola wake?

NCHI NA KANISA

Ili kumfahamu Ng'ang'a, yafaa kwanza tuifahamu hali aliyokulia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza waliitwaa sehemu kubwa ya ardhi ya Wakikuyu na kuwagawia walowezi. Wenyewe walibaki na vipande vyembamba, au waliingia mashamba ya wazungu kuwa vibarua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua popote aendapo. Kodi nayo ilizidi. Mwaka 1922 Harry Thuku alipoinuka kuyalalamikia mambo hayo alikamatwa. Watu waliokusanyika Nairobi kumtetea walipigwa risasi, na yeye akapelekwa mbali, huko Kismayu katika mwambao wa Bahari ya Hindi.

Pamoja na serikali zilikuja misheni. Tumutumu, karibu na Karatina, walikaa Waskochi. Mathari, pale Nyeri, walikaa mapadre na masista wa Kiitaliano wa Consolata. Weithaga na Kahuhia katika Murang'a zilikuwa za Kanisa la Kiingereza. Haikatazwi kusema kwamba misheni zilileta shule, hospitali na kusoma. Lakini kwa macho ya Mkikuyu wa siku zile, mmisionari na bwana shauri walikuwa wa lugha moja na rangi moja, na mara nyingi walikula meza moja. Tena ubatizo haukuwa wa imani peke yake. Mtu alitakiwa aache mila kadhaa, ageuze mavazi na ajitwalie jina geni. Ikawa vigumu kujua ni kipi kilichokuwa amri ya Mungu, na kipi kilikuwa desturi ya Ulaya.

Mwaka 1926 likatukia jambo ambalo wakati ule halikupigiwa tarumbeta. Agano Jipya lote lilitoka kwa lugha ya Kikuyu. Agano la Kale kamili lilichelewa hadi mwaka 1951, ingawa Biblia nzima ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kupigwa chapa tangu miaka ya 1890. Sasa mwananchi akajisomea mwenyewe, bila kungoja kusomewa. Na aliyejisomea aliona kwamba mengi aliyoambiwa ni dini hayamo, na mengi yaliyomo hakuambiwa.

USIKU WA MWAKA 1926

Mwaka huo huo ndio ulioyageuza maisha ya Ng'ang'a. Wafuasi wake husimulia kwamba siku moja alikwenda kunywa pombe pamoja na wenzake, akarudi nyumbani amelewa, akalala. Usingizini akasikia sauti ikimwita kwa jina. Sauti ile ilimwamuru aache ulevi, amkumbuke Mungu, na awaombee watu wake waliokuwa chini ya utawala wa kigeni. Alipoamka hakuwa tena yule aliyelala.

Hayo ni masimulizi ya wafuasi, nasi tunayapokea hivyo. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba jina Joseph ndilo Yusufu, na kwamba habari za Nabii Yusufu, kwetu na kwa Wakristo, ni habari za ndoto na tafsiri yake. Ndoto ndiyo iliyowapa wafuasi wa Ng'ang'a majina yao. Walipoitwa Aroti, maana yake ni waota ndoto. Walipoitwa Arathi, maana yake ni manabii. Kwa Mwislamu mlango wa unabii umekwisha kufungwa, na makala haya hayakusudii kuufungua. Tunalieleza neno kama walivyolitumia wenyewe, yaani watu wanaoamini kwamba Roho huwasemesha.

Lililo wazi ni kwamba Ng'ang'a hakutoka usingizini akaenda moja kwa moja sokoni kuhubiri. Alijitenga. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, tangu 1926 hadi karibu na 1929, alikaa faraghani akisali, akitafakari na kusoma Maandiko. Sisi tunalijua jambo hili kwa jina la khalwa, na tunajua kwamba si kila mtu anaweza kulistahimili. Miaka mitatu bila pombe, bila marafiki wa pombe, bila kutafuta cheo, si mzaha. Alipotoka, watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba amebadilika, na wakamsikiliza.

NJIA TATU

Wakati aliotoka ulikuwa wa moto. Mwaka 1929 lilizuka gomvi kubwa kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana. Baadhi ya misheni, wakiwamo Waskochi wa Tumutumu, ziliwataka waumini na walimu waikane mila hiyo kwa kiapo au kwa kutia alama ya dole gumba. Waliotia dole waliitwa Kirore. Maelfu walikataa na kutoka makanisani, na watoto wao wakatoka shuleni.

Hapo Wakikuyu wakagawanyika katika njia tatu. Wa kwanza walibaki misheni. Wa pili walianzisha shule na makanisa yao ya kujitegemea. Hawa walitaka mapadre wao wenyewe waliowekewa mikono kwa utaratibu, na mwaka 1935 wakamleta Askofu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini aje kuwafundisha pale Gituamba, Murang'a. Wa tatu walikuwa Arathi wa Ng'ang'a na wenzake kama Musa Thuo wa Murang'a. Hawa hawakutafuta askofu, shule wala jengo. Walitafuta Roho.

Tofauti hii ndiyo roho ya habari yetu. Wale wa njia ya pili waligombana na mzungu juu ya nani ashike kanisa. Ng'ang'a alikuwa na hoja nyingine. Aliona kwamba ibada yenyewe imechafuka, tena imechafuliwa pande mbili. Upande wa misheni ilichanganywa na ufahari wa Ulaya. Upande wa mila ilichanganywa na mbuzi wa kafara, pombe ya kumwagiwa wahenga, na dawa za waganga. Yeye aliziacha zote mbili. Hakurudi chini ya mgumo kuchinja, wala hakurudi kwenye mimbari ya mmisionari. Alitaka mtu asimame mbele ya Mungu hivyo alivyo, bila mshenga.

NAMNA YA KUSALI

Watu wa Mungu walisali wamesimama, wamenyanyua mikono, na nyuso zao zimeelekea Mlima Kenya, ule Kirinyaga ambao wazee wa Kikuyu tangu kale waliuelekea wakimwomba Ngai. Roho alipowashukia walitetemeka, wakaguna na kunguruma kama simba. Walikwenda kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, wakalala nje, wakiwaombea wagonjwa. Vitu vingi vya kigeni walivikataa. Jomo Kenyatta, aliyekuwa akisoma London chini ya mwalimu Malinowski, aliwaeleza katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, akawataja kwa jina lao la Kiswahili.

Zipo desturi zao zitakazomfanya msomaji wa pwani atabasamu kwa kuzitambua. Huvua viatu wanapoingia kusali, kwa kuwa Nabii Musa aliamriwa avue viatu mahali patakatifu, kisa ambacho nasi tunakisoma katika Surat Taha. Hawali nguruwe. Hawanywi pombe, wala hawavuti tumbaku. Na kilemba, kilichokuja kuwa alama yao kuu, wanakitolea ushahidi katika Kitabu cha Kutoka, panapoelezwa mavazi ya ukuhani ya Haruni, nduguye Musa. Watoto wao hawapewi majina ya mababu kama ilivyo desturi ya Wakikuyu, bali majina ya Maandiko ambayo husema yamefunuliwa katika sala.

Hakuna ushahidi kwamba waliyachukua haya kwa Waislamu. Waliyachota katika Biblia ile ile ambayo wamisionari waliwaletea. Ni vitabu vya Musa vilivyowafikisha karibu na tuliko sisi, bila wao wala sisi kukusudia.

PINDE NA BUNDUKI

Serikali ya kikoloni haikuona sala. Iliona hatari. Mwaka 1932 iliundwa tume ya kuchunguza malalamiko ya ardhi, na roho za watu katika Kiambu, Murang'a na Nyeri zilikuwa juu. Sasa hapa palikuwa na watu wanaotanga-tanga misituni, wasiomtii mmisionari wala chifu, wanaomwomba Mungu awaokoe na utawala wa wageni. Zaidi ya hayo, baadhi yao walibeba pinde na mishale. Kwao silaha hizo zilikuwa ishara ya vita na pepo wabaya. Kwa polisi, upinde ni upinde.

Hofu ya namna hii haikuwa ngeni katika Afrika Mashariki. Wazee wa Lindi walipata kusimulia habari za mwaka 1908, ilipoenea barua iliyosemwa imetoka Makka. Barua ile iliwahimiza Waislamu watubu na kuzidisha ibada, lakini Wadachi waliiona kama mwito wa maasi, wakaanza kukamata watu. Kongo nako, mwaka 1921, Wabelgiji walimtia ndani Simon Kimbangu kwa kuhubiri na kuombea wagonjwa, naye alikaa kifungoni miaka 30 hadi alipokufa mwaka 1951. Mtawala asiye na raha na alichokinyakua huogopa hata mtu anayenyanyua mikono kuomba.

NDARUGU, 1934

Mwanzoni mwa Februari mwaka 1934 polisi waliwafuatia Watu wa Mungu hadi msitu wa Ndarugu, upande wa Gatundu. Huko walimkuta Ng'ang'a pamoja na wafuasi wake. Polisi walikuwa na bunduki. Hao wengine walikuwa na pinde zao na sala zao. Risasi zilipotulia, Joseph Ng'ang'a alikuwa amekufa, na pamoja naye Samuel Muinami na John Mung'ara.

Mwezi mmoja nyuma, Januari 1934, kule Musanda upande wa magharibi ya Kenya, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kanisa la Kiingereza na kiongozi wa watu wa Roho kati ya Wajaluo, aliuawa nyumba yake ilipochomwa moto katika ugomvi uliochanganyika na ardhi. Watu wale wawili hawakuwa wa kabila moja wala wa kundi moja. Lakini katika majuma machache Kenya ilipoteza watu wawili waliodai kwamba Roho wa Mungu hahitaji kibali cha mtu.

Ng'ang'a alihubiri miaka michache tu, kama minne au mitano hivi tangu atoke faraghani. Ukiyahesabu maisha ya namna hiyo kwa mizani ya dunia, utasema yalipotea bure. Jeshi hakuwa nalo, mali hakuwa nayo, na nchi aliyoiombea ilibaki mikononi mwa wageni kwa karibu miaka 30 mingine.

MBEGU ILIYOBAKI

Baada ya Ndarugu, serikali iliwabana. Mikutano yao ilizuiwa, na wengine walifungwa. Mashamba ya sala yao yakawa vichakani na nyumba za usiku. Ilipotangazwa hali ya hatari Oktoba 1952 walibanwa zaidi, maana serikali iliwashuku kuwa upande wa Mau Mau, na wapiganaji nao hawakumwamini mtu aliyekataa kiapo kwa sababu ya dini yake. Waliponea katikati ya moto miwili.

Uhuru ulipofika mwaka 1963 walipata nafasi ya kuandikisha makanisa yao na kusali mchana kweupe. Hapo ndipo yakaenea makanisa kama Holy Ghost Church of East Africa na African Mission of Holy Ghost Church, Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, hata Bonde la Ufa walikohamia Wakikuyu wengi. Waligawanyika pia, maana panapoongozwa na ndoto, ndoto za watu wawili zinaweza kutofautiana.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Kukataa kwao dawa za hospitali, wakitegemea maombi peke yake, kuliwaletea misiba ambayo ingeepukika, na waliolipa zaidi mara nyingi walikuwa watoto, ambao hawakuulizwa. Shule nazo wengine walizikwepa muda mrefu, na vijana wao wakabaki nyuma. Mengi yamebadilika. Leo wapo Akurinu walimu, madaktari, wanasheria na wafanyabiashara, wenye vilemba vyao kichwani. Lakini yapo makundi ambayo bado hayajaikubali hospitali, na mjadala huo wanaufanya wenyewe kwa wenyewe. Mwenye kutaka kuisafisha ibada lazima awe macho asije akafanya mzigo kile ambacho Mungu amekifanya rehema.

SISI WA PWANI

Kwa nini habari ya Mkikuyu huyu isomwe Mombasa, Malindi au Tanga? Sababu ya kwanza ni ujirani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dini na wa kuidhihirisha. Lakini kitambaa cha kichwani bado kinazua mabishano mashuleni. Mwaka 2019 kesi ya hijabu iliyoanzia shule moja ya Isiolo, upande wa kaskazini ya Mlima Kenya, iliamuliwa na Mahakama ya Juu, na wasichana waliotaka kuivaa hawakupata ushindi. Mtoto wa Kiakurinu anayeambiwa avue kilemba langoni na msichana wetu anayeambiwa avue hijabu wanasimama mlango mmoja. Anayemcheka mwenziwe leo, kesho atatafuta wa kumtetea asimwone.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Tunahitilafiana na Akurinu katika itikadi, tena katika mambo ya msingi, na hakuna haja ya kulificha hilo. Lakini swali la Ng'ang'a linamhusu kila mwenye dini. Ni kiasi gani cha ibada yetu ni cha Mungu, na ni kiasi gani ni cha desturi, cha fahari, cha kuonekana na watu? Yeye alianza kulijibu kwa kuweka chini kibuyu cha pombe na kujifungia miaka mitatu. Hakuanza kwa kuwakosoa wengine. Alijianza mwenyewe.

Sala aliyoitaka ilikuwa nyepesi kuieleza: mtu asimame, anyanyue mikono, aseme na Muumba wake bila kumwogopa yeyote mwingine. Kwa sala hiyo aliuawa. Vilemba vyeupe vinavyopita leo katika barabara za Nyeri na Karatina ni vya watu walioirithi sala hiyo. Ukikutana nao, msomaji, wasalimu kwa heshima. Wamekwisha lipa vya kutosha.